Nairobi hadi New York ni Kilomita Ngapi? Jinsi Masafa ya Ndege Yanavyohesabiwa

Mtu akiuliza umbali wa kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege, jibu la haraka ni kilomita 11,840 hivi. Jibu hilo halina kosa. Hata hivyo, ndege inayotoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kuelekea Uwanja wa John F. Kennedy haipiti kilomita hizo kamili, na ikigeuza kurudi nyumbani hutumia muda pungufu kwa takriban saa nzima, ingawa hakuna mji uliosogea. Anayetafuta jibu kwenye intaneti naye hukutana na 7,360, kisha 6,390, na wakati mwingine tarakimu zinazopishana kwa kilomita kumi au ishirini, bila kuelezwa sababu yake.

Nimeichagua safari hii kwa kuwa ni ya kweli na wengi wetu tuna jamaa aliyewahi kuipanda. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hii miwili kwa ndege aina ya Boeing 787-8, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipa Kenya, mnamo Februari 2017, daraja la usalama linalotakiwa kwa safari za namna hiyo. Ratiba ya wakati huo ilikadiria saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Ni safari ambayo ndani yake karibu kila ugumu wa hesabu ya masafa hujitokeza: umbo la dunia, mipaka ya nchi, upepo, na mwinuko wa Nairobi yenyewe, ambao watu wachache huufikiria wanapokata tiketi.

Tuanze na tarakimu zinazopishana, maana hizo ndizo rahisi kufungua. Ile 7,360 ni maili za nchi kavu, zinazotumika Marekani na Uingereza, na kila moja ina mita 1,609. Ile 6,390 ni maili za baharini, ambazo kila moja ina mita 1,852. Marubani wameirithi maili hiyo kutoka kwa mabaharia, na sababu ya kuing'ang'ania si mazoea tu. Chukulia kwamba umesimama katikati kabisa ya dunia, ukachora mstari mmoja hadi Nairobi na mwingine hadi New York. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo ni nyuzi 106 na nusu hivi. Kila nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60, na dakika moja ya pembe hiyo, ikipimwa juu ya uso wa dunia, ndiyo maili moja ya baharini. Ukizidisha 106.5 kwa 60 unapata 6,390, na hesabu imekwisha. Kwa kuwa duara zima ni nyuzi 360, unajua papo hapo pia kwamba safari hii ni karibu asilimia 30 ya mzingo wa dunia.

Tofauti ndogo za kilomita chache zina vyanzo viwili. Kwanza, wapo wanaopima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na wapo wanaopima kutoka uwanja hadi uwanja. Pili, dunia si tufe kamilifu. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, lakini kuelekea kwenye ncha ni kilomita 6,357. Programu inayoichukulia dunia kuwa mviringo mtupu na ile inayozingatia kubonyea huko hutoa majibu yanayotofautiana kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Wapo pia wanaodhani kwamba urefu wa kwenda juu huongeza masafa sana, kwa vile ndege hutembea kwenye duara pana zaidi kuliko la ardhini. Huongeza, lakini kidogo mno. Kwa ndege iliyo kilomita 11 juu ya bahari, nyongeza katika safari yote hii ni kama kilomita 20, yaani chini ya dakika mbili za kuruka.

Njia iliyonyooka inayoonekana imepinda

Ugumu wa kwanza wa kweli uko kwenye ramani. Ramani ya dunia iliyotundikwa katika madarasa mengi inatokana na mchoro uliobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569. Mchoro huo ulitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha aweze kupiga mstari kwa rula kati ya bandari mbili, akaufuata kwa dira bila kubadili mwelekeo. Kwa kazi hiyo haukuwa na mpinzani. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha za dunia huvutwa na kuonekana kubwa kupita kiasi, hata Greenland ikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland kwa takriban mara 14.

Ukipiga rula kwenye ramani hiyo kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita juu ya kaskazini mwa Kongo, uvuke Nigeria, upite Mauritania na kuingia Bahari ya Atlantiki. Unaonekana ndio wa mkato. Kumbe urefu wake ni kama kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi ya njia fupi. Njia fupi yenyewe, ikichorwa kwenye ramani hiyo, huonekana imejikunja kama upinde ulioelekezwa kaskazini, na ndiyo maana abiria wengi wanaotazama skrini iliyo mbele ya kiti chao huhisi kwamba rubani anazunguka.

Njia ya kuondoa shaka ni kuachana na karatasi na kuchukua tufe la dunia, au hata mpira wa miguu. Shikilia uzi kwenye Nairobi, uvute hadi New York mpaka ukaze. Uzi uliokazwa hauwezi kujidanganya, kwa kuwa hujilaza wenyewe kwenye njia fupi kuliko zote, ambayo wanahisabati huiita duara kuu: duara linaloikata dunia katikati na kuigawa katika nusu mbili sawa. Kutoka Nairobi uzi huo huelekea kaskazini-magharibi. Huvuka ikweta karibu na Timboroa katika Bonde la Ufa, hupita juu ya Lira kaskazini mwa Uganda, huingia Sudan Kusini, hugusa kona ya Darfur, hukata Chad na jangwa la kaskazini mwa Niger, huvuka Algeria na Morocco, kisha huingia Atlantiki na kupita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno. Jambo la kushangaza ni kwamba uzi huo hupanda hadi kufikia nyuzi 42 na kidogo kaskazini mwa ikweta, huku New York yenyewe ikiwa kwenye nyuzi 40 na kidogo. Maana yake ni kwamba anayefuata njia fupi hupanda kaskazini kuliko New York yenyewe, halafu huteremka kidogo ili kuifikia.

Waislamu wanaosoma makala hii huenda wamewahi kuliona jambo hilohilo msikitini. Makka iko kusini zaidi kuliko New York, na kwenye ramani ya ukutani ungedhani kwamba kibla cha New York kingeelekea kusini-mashariki. Lakini misikiti mingi ya huko huelekea kaskazini-mashariki, kwa kuwa kibla chake kimehesabiwa kwa duara kuu. Mjadala uliowahi kuzuka Amerika Kaskazini kuhusu mwelekeo upi ni sahihi ulikuwa, kwa upande wa hisabati, mjadala kati ya rula na uzi.

Njia fupi ina wenyewe

Uzi hautambui mipaka, lakini ndege hulazimika kuitambua. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, na ndege inayopita hulipa ada, ambayo kwa kawaida hukokotolewa kwa kuangalia umbali uliopitwa ndani ya anga hiyo pamoja na uzito wa ndege. Katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi na ya Kati, zikiwemo Chad na Niger, kazi ya kuongoza ndege na kukusanya ada hizo hufanywa na taasisi ya pamoja iitwayo ASECNA, iliyoundwa mwaka 1959. Mpangaji wa safari aliyeko ofisini kwa hiyo hatafuti njia fupi pekee, bali hutafuta njia ambayo, ukijumlisha mafuta, ada na usalama, ndiyo nafuu zaidi siku hiyo.

Mwaka 2023 ulionyesha jinsi jambo hili linavyoweza kubana. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za kiraia. Libya tayari ilikuwa inakwepwa na mashirika mengi kwa miaka kadhaa. Kisha, baada ya mapinduzi ya Julai nchini Niger, watawala wapya wa kijeshi wakafunga anga ya nchi hiyo kuanzia tarehe 6 Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Mtu akiziweka nchi hizo tatu kwenye ramani ataona kwamba kilichokuwa kimebaki ni mianya tu katika ukanda mpana unaotenganisha Afrika yetu na Ulaya pamoja na Atlantiki ya kaskazini. Mzunguko unaoongeza asilimia 3 kwenye safari ya Nairobi hadi New York huonekana mdogo kwenye karatasi, lakini ni kilomita 350 hivi, karibu nusu saa ya kuunguza mafuta, kila siku, kwa kila ndege.

Kuna sharti jingine linalotokana na bahari. Boeing 787 ina injini mbili, na kanuni za kimataifa haziruhusu ndege ya injini mbili kwenda mbali na viwanja kupita muda iliopewa kibali, muda unaohesabiwa kana kwamba injini moja imezima. Zamani sharti hili lilizilazimisha ndege nyingi kuzunguka kwa kufuata pwani. Siku hizi vibali ni vipana, na kwenye njia yetu bahati imeweka visiwa vya Azores panapofaa. Umuhimu wa visiwa hivyo ulionekana mwezi Agosti 2001, ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilipoishiwa mafuta juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazima, na marubani wakaiongoza ndege hiyo kubwa ikielea hewani bila injini hadi uwanja wa Lajes, kwenye mojawapo ya visiwa hivyo, na watu wote wakanusurika.

Masafa yanayohisiwa na mabawa

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo, nacho ni upepo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa sana hapa. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakisafiri kati ya Maskati na Unguja walijua kwamba bahari ni ileile mwaka mzima, lakini safari si ileile. Kaskazi ndio uliowaleta huku na kusi ndio uliowarudisha, na aliyelazimisha kwenda mbisho alitumia siku nyingi kwa njia ambayo mwenzake aliyengoja msimu aliikata upesi. Ndege ya kisasa haingoji msimu, lakini haijaikwepa kanuni hiyo. Kinachoiwezesha kuruka ni hewa, na kasi yake hupimwa ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikiwa inasafiri, ndege husafiri nayo.

Katika anga ya juu, kati ya kilomita 9 na 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huzaliwa na tofauti ya joto kati ya ukanda wa tropiki na ncha za dunia, na mzunguko wa dunia ndio unaoipinda ielekee mashariki. Majira ya baridi ya kaskazini yanapofika, tofauti hiyo ya joto hukua na mikondo hukaza, kiasi cha kupita kilomita 200 kwa saa katika kitovu chake. Mmoja huvuma juu ya Atlantiki ya kaskazini, na mwingine hupita juu ya Afrika Kaskazini wakati wa majira hayo ya baridi. Njia yetu hukutana na yote miwili.

Tufanye hesabu kwa mfano mwepesi. Kasi ya kawaida ya 787 ndani ya hewa ni kama kilomita 900 kwa saa. Tuseme kwamba ndege inayokwenda New York inakumbana na upepo wa mbisho wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao si mkali hata kidogo. Kasi yake juu ya ardhi itakuwa 850, na kilomita 11,840 zitachukua karibu saa 14. Katika saa hizo 14 mabawa yatakuwa yamekata hewa kwa kasi ya 900, yaani yatakuwa yamepita zaidi ya kilomita 12,500 za hewa. Wakati wa kurudi, upepo uleule ukisukuma kutoka nyuma, kasi juu ya ardhi itakuwa 950, muda utakuwa kama saa 12 na nusu, na kilomita za hewa zitakuwa 11,200 tu. Kwa abiria aliyeketi dirishani, kwenda na kurudi ni umbali mmoja. Kwa injini, ni safari mbili zinazotofautiana kwa zaidi ya kilomita 1,300. Ukiongeza mizunguko ya njia, kupanda, kushuka na kutembea uwanjani, utaelewa saa 15 na 14 za kwenye ratiba zimetoka wapi.

Kwa sababu hiyo mpangaji wa safari hupokea utabiri mpya wa upepo wa tabaka zote za anga kabla ya kila safari, na anaweza kuihamisha njia mamia ya kilomita kaskazini au kusini. Njia ndefu inayoukwepa mkondo inaweza kuwa ya haraka kuliko njia fupi inayopambana nao. Kwa hiyo safari mbili za wiki moja, kwa ndege ileile na namba ileile ya safari, zinaweza kupita juu ya nchi tofauti.

Hapa kuna dhana moja potofu inayostahili kuondolewa, kwa kuwa husemwa na watu wenye elimu yao. Hudaiwa kwamba kwa vile dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kufika mapema, maana mji wa New York unaijia mbele. Nzi aliyeingia ndani ya basi la Dar es Salaam kwenda Morogoro hukanusha dai hilo. Akiruka kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma hagongwi na kioo cha nyuma kwa kasi ya basi, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya basi husafiri pamoja na basi, naye yumo humo. Uso wa dunia kwenye ikweta huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na hewa iliyo juu yake huzunguka nao. Mzunguko huo haumsaidii rubani wa kwenda magharibi, na kwa kuipinda mikondo ya upepo, humpinga.

Nairobi iko juu mno

Mpaka hapa tumepima kwa kilomita na kwa saa, ila kwa mwenye ndege kipimo kinachouma ni tani. Wakati wa uzinduzi wa safari hii ilielezwa kwamba kila upande ungetumia takriban tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Uzito wa juu kabisa ambao 787-8 inaruhusiwa kuruka nao ni kama tani 228. Kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya uzito huo inaweza kuwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo huunguzwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo kilomita ya mwisho inavyokuwa ghali, maana mafuta yake yamebebwa tangu kilomita ya kwanza.

Juu ya mafuta ya safari kuna akiba ya lazima. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka, kwa kawaida, nyongeza ya asilimia 5 kwa ajili ya yasiyotarajiwa, mafuta ya kufika uwanja mbadala ikiwa New York imefungwa, na nusu saa ya kuzunguka angani baada ya hapo. Mtengenezaji husema kwamba 787-8 inaweza kuruka takriban kilomita 13,500. Ukilinganisha na 11,840 utaona nafasi ni kubwa, lakini ondoa upepo wa mbisho, mzunguko wa njia na akiba hizo, nafasi inayobaki ni finyu.

Kisha inakuja Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Katika hewa nyepesi injini hutoa msukumo mdogo, na mabawa huhitaji kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kuinyanyua ndege. Joto la mchana huzidisha tatizo, kwa kuwa hewa ya moto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Ndiyo maana, hata kama njia ya kurukia ni ndefu kupita kilomita 4, ndege nzito haiwezi kuondoka Nairobi na uzito ule ambao ingeondoka nao Mombasa, na usiku wenye baridi una manufaa yake kwa safari ya namna hii. Ugumu umejipanga kinyume na matakwa ya msafiri: upande unaopigwa na mbisho, na unaohitaji mafuta mengi zaidi, ndio unaoanzia kwenye uwanja ulioinuka. New York, iliyo karibu sawa na usawa wa bahari, hairuhusu tu ndege nzito kuruka kwa urahisi, bali huisindikiza pia kwa upepo wa nyuma. Siku ambayo hesabu hazikubali, kinachoachwa si mafuta. Ni mzigo, na wakati mwingine viti.

Majirani zetu wa Ethiopia wanalijua hili kuliko sisi. Addis Ababa iko mita 2,334 juu ya bahari. Kwa miaka mingi safari ya Ethiopian Airlines kutoka huko kwenda Washington imekuwa ikitua njiani, kwa mfano Dublin au Lomé, huku ile ya kutoka Washington kwenda Addis Ababa ikiruka moja kwa moja. Ni miji miwili ileile na ndege ileile. Kinachotofautiana ni mwinuko wa mahali pa kuanzia na upande wa upepo.

Kupitia kwingine

Swali ambalo msafiri wa kawaida huuliza ni kama kubadilisha ndege njiani humrefushia umbali sana. Inategemea mahali anapobadilisha. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 hivi, na London hadi New York ni 5,550. Jumla yake ni kama 12,390, zaidi ya njia ya moja kwa moja kwa kilomita 550 tu, sawa na asilimia 5. Amsterdam huongeza kidogo zaidi ya hapo. Watu wengi hudhani kwamba kwenda Marekani kupitia Ulaya ni kuzunguka sana, lakini ukirudi kwenye tufe na uzi wako utaona kwamba Ulaya Magharibi haiko mbali na njia. Kinachopotea London ni saa za kusubiri na foleni, si kilomita.

Dubai ni habari nyingine. Msafiri huanza kwa kwenda kilomita 3,550 kaskazini-mashariki, akiipa mgongo New York, kisha hulipia kosa hilo kwa safari ya pili ya kilomita 11,020, ambayo peke yake inakaribia urefu wa safari nzima ya moja kwa moja. Jumla inakuwa 14,570. Hata hivyo tiketi ya kupitia huko mara nyingi huwa nafuu, kwa sababu nauli hupangwa kwa ushindani na kwa kujaa kwa viti, na kilomita zina sauti ndogo katika bei kuliko abiria anavyodhani.

Saa za mkononi

Limebaki jambo la saa, ambalo huwachanganya hata wasafiri wazoefu. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa majira yao ya baridi, na kwa saa 7 wanaposogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi. Ndege inayoondoka Nairobi saa tano na nusu usiku katika mwezi wa Desemba, ikiruka kwa saa 15, itatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa saa za ukutani zimepita saa 7 tu, na abiria aliyelala vizuri anaweza kudhani kwamba amesafiri usiku mmoja wa kawaida.

Usiku huo lakini haukuwa wa kawaida. Jua lilikuwa limezama Nairobi mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni. Tangu hapo ndege imekuwa ikikimbia kuelekea magharibi, ikilikwepa pambazuko linaloifuata kwa nyuma, na kwa kuwa Desemba jua la New York huchomoza baada ya saa moja asubuhi, abiria hushuka kungali na giza. Atakapoliona jua, saa za Nairobi zitakuwa zimepita tisa alasiri, na usiku wake utakuwa umedumu karibu saa 21. Akirudi kwa ndege inayoondoka adhuhuri, deni hulipwa kwa haraka ya kustaajabisha: baada ya takriban saa tatu angani, kabla hata ya kufika Azores, jua huzama nyuma ya mkia wa ndege.